Likizo ya Figo

Mpwapwa, stendi
4 Mei 1997

Mdogo wangu Thobias,

Marahaba, naitikia kabisa hata kabla hujaniamkia maana nakujua, ukishika kalamu unasahau. Huku tupo. Mvua imegoma, uwele umekaukia magotini, lakini mimi napika na watu wanakula na kuongea, kwa hiyo sina ninachokosa. Anjelina miguu imepungua kuvimba? Mwambie dada yake kashukuru sana kusikia vipimo vya Dar vimesema figo yako na mwili wake vinapatana. Tangu utotoni mlikuwa mnapatana nyie wawili, mimi ndiye nilikuwa wa kupigwa.

Kwanza nikupe ya stendi, ya ofisini inaudhi, itakuja baadaye. Jumanne kakamatwa mwizi na mfuko wa abiria wa Kibakwe. Weee! Tulimpiga! Mimi nilikuwa na mwiko mkononi, nikauweka chini usije ukavunjika, nikaokota mawe. La kwanza likamkosa likampata kondakta. La pili likamkaa sikioni, damu ikaruka mpaka kwenye benchi langu. Watu wakapiga kelele, "Paska ana shabaha!" Polisi wanamchukua, uso ulikuwa hauna mbele wala nyuma. Siku hiyo chakula kiliisha saa saba, maana kupiga mtu kunatia njaa.

Haya, ya ofisini. Nilivaa kitenge kipya nikaenda kwa bosi wako, Bwana Ebenezer, kukuombea likizo. Kanipa kiti vizuri, kafungua kitabu chao cha likizo, anapitisha kidole. Likizo ya mwaka, umeshaimaliza kwa kumuuguza Anjelina. Likizo ya uzazi, akaniuliza, "Thobias anazaa?" akacheka peke yake. Likizo ya ugonjwa, huumwi. Nikamwambia, "Mzee, mtu anapasuliwa ubavu, anatolewa figo nzima, hataumwa?" Akasema, "Mama, ugonjwa humjia mtu. Huyu anaufuata mwenyewe."

Sasa hebu ona, Thobias. Anjelina mgonjwa, mwalimu wa serikali, amelala na mshahara unaingia, na serikali hiyohiyo inampeleka India na msindikizaji wake. Wewe mzima unayekwenda kumwokoa, kitabu hakikujui. Anasema uende bila mshahara, na ukienda hivyo, kwa huku kupunguzwa kazi kunakoendelea, jina lako litakuwa la kwanza kwenye orodha. Nilitamani kumtwanga na hicho kitabu chake.

Natoka nje, Gideoni, mchanja ng'ombe mwenzio, kanifuata mpaka jikoni kwangu. Kasema, "Dada Paska, mwambie Thobias asikate tamaa, nina njia, namwandikia." Kala sahani mbili akaondoka. Mkewe Witness anakusalimia.

Mimi dada yako,
Paskazia


Dodoma, hospitali
9 Mei 1997

Dada, shikamoo.

Anjelina anapumua kwa shida usiku na mchana. Daktari anasema tukichelewa mwezi mmoja, tusisumbuke tena na India. Tunaondoka tarehe 25.

Njia ya Gideoni ni hii. Yeye amechukua likizo yake ya mwaka. Kwenye makaratasi yuko nyumbani anapumzika, na mimi niko Kibakwe nachanja ng'ombe homa ya mapafu. Ukweli ni kwamba Kibakwe anakwenda yeye. Kibali cha safari kina jina langu, na atasaini kwa jina langu, ili mshahara wangu usikatike na nikirudi nikute kazi. Bwana Ebenezer anajua, amejifanya hajui. Nilimuuliza Gideoni kwa nini anajiingiza, akanikumbusha lile fahali la shambani lililomlaza chini likamchoma pembe pajani, mimi nikalikata jicho na panga. Mimi nilikuwa nimeshasahau.

Dada, nakuomba jambo moja tu maishani. Mtu yeyote asijue kwamba aliyeko Kibakwe ni Gideoni. Ikijulikana tunafukuzwa wote wawili, na dawa za Anjelina, ambazo atazinywa mpaka kufa kwake, zinategemea mshahara wangu pamoja na wake.

Funga mdomo.

Thobias


Mpwapwa, stendi
18 Mei 1997

Thobias mdogo wangu,

Nimefunga! Wanaweza kuninyonga hapa hapa penye jiko, jina la Gideoni halinitoki.

Ila kuna kitu hukukifikiria, nimekifikiria mimi. Watu wa Kibakwe wanashuka hapa kila siku, wanakula kwangu. Wakiuliza Thobias yuko wapi, nikisema yuko kwenu Kibakwe, si watasema hatujamuona? Nikaona niseme ukweli ule mwingine. Nikasema Thobias anakwenda kumtolea dada yake figo, na serikali imempa likizo. Likizo ya figo! Kalala, mshahara unaingia.

Unamkumbuka Mazengo, yule mfanyabiashara wa mbuzi wa Kibakwe mwenye sauti kama tarumbeta? Akauliza, "Kumbe serikali inalipa ukitoa figo?"

Nikamwambia, "Inalipa."

"Na watu wengine wa kuwatoa figo wanawapata wapi?"

Nikamwambia, "Wewe usihofu, kwa ulanzi unaokunywa figo yako hata mbwa haili. Wanataka za watu wa milimani kwenu, wanaokunywa maji ya chemchemi." Tulicheka, Thobias, mpaka mtu kapaliwa na mlenda. Mwingine akauliza zinabebwaje. Nikasema kwenye boksi la barafu, kama samaki.

Mazengo yeye hakucheka sana. Akasema, "Kwetu akija mtu na boksi lake, tutaanza kumtoa za kwake." Nikamwambia, "Mleni kabisa, ila msisahau kuniletea ini." Tukacheka tena.

Kwa hiyo uende kwa amani, hapa nimepapanga vizuri. Mbusu Anjelina. Ukipasuliwa usipige kelele, Wahindi watatuona washamba.

Paskazia


Madras
14 Juni 1997

Dada, shikamoo.

Anjelina anakojoa! Wewe utacheka, lakini nesi alipoinua ule mfuko una mkojo, mimi na yeye tulilia kama watoto. Uso wake umerudi. Juzi amegombana na mpishi wa hospitali kuhusu pilipili, nikajua amepona.

Mimi wamenikata kutoka mgongoni hadi tumboni, upande wa kushoto, na kipande cha mfupa wa ubavu wamekiondoa ili mkono upite. Niliamka kama mtu aliyepigwa na kijiji kizima. Nikikohoa naona nyota. Huyo anayesema huu si ugonjwa angekuja kukohoa kidogo na mshono huu.

Hakuna barua yako hapa bado. Msalimie sana Gideoni akishuka kutoka Kibakwe. Nimemnunulia shati.

Thobias


Mpwapwa, stendi
20 Juni 1997

Mdogo wangu,

Ukae kitako kwanza. Kama mshono bado unauma, mpe Anjelina akusomee.

Gideoni hakufa. Naanza na hilo.

Jumatano ya tarehe 11 aliingia kijiji kimoja huko juu Kibakwe na pikipiki ya ofisi, ile nyekundu. Unajua mnavyovaa: gambuti, glovu mpaka kwenye viwiko, bomba la sindano nene kama mchi, na nyuma lile boksi la barafu la chanjo. Watu wakamzunguka. Mtendaji wa kijiji akaomba kibali, akasoma kwa sauti, Thobias. Mtu akauliza, "Thobias yupi, yule aliyetolewa figo?" Wakasema kama ni yeye afungue shati waone kovu.

Thobias, alifungua shati. Angefanyaje? Ubavu laini kama wa mtoto.

Basi. Wakasema huyu si Thobias, huyu ni mnunuzi wa figo. Akapiga kelele, "Mimi ni Gideoni! Gideoni wa mifugo!" Wakasema, sikia, sasa ana majina mawili. Wa kwanza alimpiga taya na mpini wa jembe, meno yakatoka manne kwa pamoja. Walivunja boksi, chupa za chanjo wakazikanyaga, wakasema hizo ndizo dawa za kulaza watu. Bomba la sindano walimchoma nalo mapajani, kila mtu na zamu yake. Halafu mateke. Walimlaza tumbo chini wakawa wanaruka juu ya kiuno, wanahesabu. Pikipiki waliichoma, wakamburuta kumtupa humo. Walimu wa shule ndio waliokuja na mapanga wakawatisha, wakampakia kwenye trekta. Ameletwa hapa, akapelekwa Dodoma. Figo ilikuwa imepasuka. Wameitoa. Ya kushoto, kama yako.

Sasa ya ofisini. Bwana Ebenezer kaja mwenyewe kwangu, siku zote hakanyagi hapa. Hakula. Kaongea chini chini: kwenye makaratasi aliyekuwa Kibakwe ni Thobias. Aliyepigwa ni Thobias. Aliyepoteza figo akiwa kazini ni Thobias, na atarudi na kovu, na daktari yeyote akimpima atakuta figo moja. Likizo ya ugonjwa, miezi sita, mshahara wote. Akasema, "Mama, kila kitu kimekaa mahali pake." Nikamuuliza, na Gideoni? Akasema Gideoni yuko likizo. Lililompata likizoni ni lake, na siku zikiisha hajaripoti, ni mtoro, na watoro wanajulikana wanakokwenda.

Kwa hiyo likizo umepata. Ukiitoa figo kwa mapenzi hawakupi, wakiipasua kwa mateke wanakupa.

Na Witness alikuja Jumamosi. Kashika shati la mumewe, limekauka damu limekuwa gumu kama ngozi ya mbuzi. Kaniuliza neno moja tu, "Nani alizungumza mambo ya figo hapa stendi?" Sijafungua mdomo, kachukua upawa wangu mwenyewe, kanipiga nao mdomoni, jino likaenda. Kanimwagia sufuria ya maharage mkononi, ngozi imevuka kama kitunguu. Watu wanapiga makofi, "Mpe! Mpe!" Wale wale wa siku ya mwizi. Lakini usihofu, meno ya kusemea yamebaki.

Mimi sijui wale watu wa Kibakwe walisikia wapi.

Paskazia


Madras
15 Julai 1997

Dada,

Barua zako mbili zimefika siku moja, ile ya Mei ilizungukia Dodoma kwanza. Nimesoma ya tarehe 18 Mei, nikasoma ya tarehe 20 Juni, nikarudi kusoma ya Mei. Wewe hujui walisikia wapi? Boksi la barafu, dada. Kama samaki. Nilikuomba jambo moja.

Nilirusha kikombe ukutani, mshono ukaachia, wamenishona tena. Anjelina ananiuliza nina nini, sijamwambia.

Nimefikiri siku nne. Sikiliza. Tukisema ukweli, mimi sina kazi, Gideoni aliyesaini jina la mtu atafungwa, na Anjelina akikosa dawa wiki moja mwili wake utaila figo yangu. Nitakuwa nimepasuliwa bure. Tukinyamaza, angalau mmoja anapona. Nikirudi nitagawana mshahara na Gideoni, hilo naapa.

Watu wa mkoa watakuja kuuliza, lazima waje, pikipiki ya serikali imeungua. Watakuja kwako kwa sababu kila mtu anakuja kwako. Safari hii, dada, kwa damu ya mama yetu, hujui chochote.

Thobias


Mpwapwa, stendi
24 Agosti 1997

Thobias,

Nakuandikia Dodoma, nimesikia mmerudi. Karibuni.

Walikuja. Wanaume wawili wa mkoani na gari. Wakaanza kwa Gideoni. Ameshatoka hospitali, anakaa mlangoni kwake, taya limekaa upande. Wakamuuliza tarehe 11 Juni ulikuwa wapi. Thobias, unajua alisema nini? Alisema nilikuwa likizo, nilikwenda Kibakwe kununua mbuzi, wakanipiga pamoja na Thobias. Kakulinda. Hana figo moja, hana meno, keshaandikwa mtoro, bado kakulinda. Witness alipiga yowe ndani, akasema mume wangu ni mwongo, alikuwa kazini, muulizeni Paska wa stendi, yule anajua hata paka wa nani amezaa.

Wakaja. Wakaagiza wali na nyama. Witness kawafuata, kasimama pale kwenye nguzo, kashika shati lile lile. Yule mnene akaniuliza, "Mama, aliyetumwa Kibakwe alikuwa nani?"

Mdomo ulikuwa umejaa, Thobias. Nilihisi maneno yanagonga pale penye pengo la jino. Nikasema sijui. Nikasema mimi napika tu.

Wakala, wakaandika, wakanawa, wakaondoka. Witness hakunipiga. Nilishusha mikono ili anipige. Alinitazama, akakunja shati, akaenda zake.

Na sasa nikwambie nililolificha, maana usingizi hakuna. Siku ile ya kwanza aliyeleta habari ni Mazengo. Alikuja hapa na damu kwenye kandambili, anachekelea, anasema, "Paska, tumemkamata mnunuzi wako wa figo! Mimi mwenyewe nimeruka juu yake mara tisa." Nami nilicheka. Nikamuuliza, alilia? Akaigiza anavyolia, watu hoi kwa kicheko. Nikamwongeza mchuzi, Thobias. Na kipande cha nyama. Alipotaja pikipiki nyekundu ndipo upawa uliponidondoka.

Juzi wamekamata mwizi mwingine. Wakaniita, "Paska, njoo na shabaha yako!" Nilikaa chini nikashika sufuria kwa mikono miwili mpaka walipomaliza. Alikuwa anaita jina la mama yake.

Gideoni anakuja kila asubuhi, namkorogea uji mwepesi, anaunywa upande mmoja. Hajawahi kuniuliza. Ananiuliza habari zako tu, na Anjelina kama anakojoa vizuri. Wahuni wa stendi wamempa jina, wanamwita Thobias. "Thobias, fungua shati tuone!" Mwanzo alikuwa anatikisa kichwa. Siku hizi anaitika.

Nimefanya ulivyosema. Nimefunga mdomo.

Paskazia


Dodoma
2 Septemba 1997

Dada, shikamoo.

Barua yako Anjelina aliipokea mimi nikiwa dukani. Narudi, nakuta ameisoma, na zile nyingine amezitoa begini amezisoma zote. Ameniuliza, "Figo yako ninayo. Mnanipa na ya Gideoni?" Nikamwambia habari ya dawa. Akasema kuna mshahara wake, kuna kiwanja chake, kuna Mungu, na vikiisha vyote vitatu atakufa akiwa na jina la mtoa figo mmoja tu wa kumwombea, si wawili.

Leo nimeandika mkoani na nakala wizarani. Nimesema aliyekuwa Kibakwe ni Gideoni, alikuwa anafanya kazi ya serikali, na jina langu alilisaini kwa ombi langu. Mimi nilikuwa Madras nimetolewa figo, na tulifanya hila hiyo kwa sababu hakuna likizo ya kutoa figo. Nimemtaja Bwana Ebenezer. Wakinifukuza, nitakuja kukupasulia kuni, kwa mkono wa kulia.

Lakini wewe unazijua ofisi. Barua hii ikifika mezani peke yake italaliwa na faili. Haitalaliwa kama mji mzima unaijua kabla haijafika. Kwa hiyo nakurudishia mdomo wako, dada. Panda juu ya benchi. Waambie makondakta, waambie wa Kibakwe, mwambie Mazengo usoni kwake alimruka nani mara tisa, na uwaambie aliyesema mambo ya boksi ni nani. Sema lote, na lako pia.

Anza na Witness. Akikupiga, usikimbie.

Thobias